Maji ya Watoto

Kuna Ijumaa moja, mwanangu, ambayo hata siku nikisahau jina langu mwenyewe, hiyo nitakuwa bado naikumbuka. Ilikuwa saa saba ya mchana, wanaume wote wako msikitini, mto Malagarasi umeanza kushuka, na mimi Zuhura, msichana wa miaka kumi na tisa niliyekwisha kuposwa, nimeinama kwenye matope nikifunga uzio mahali ambapo siku ile hakuna mtu aliyeruhusiwa kufunga kitu.

Jana, mjukuu wangu, ulinijia na habari zako za saruji. Ulisema utauziba ule mlango wa maji nyuma ya kijiji ili shamba lako la mpunga lisikauke, nami nikanyamaza, ukadhani nimesinzia. Sikusinzia. Nilikuwa najiuliza nianzie wapi, maana habari hii sijamsimulia mtoto wangu hata mmoja, na mtu mzima kutoa aibu yake ni kazi ngumu kuliko kutoa jino. Lakini wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua, na kifo changu mimi hakiko mbali, hata mkinisifu kwamba bado natafuna mahindi ya kuchoma. Basi kaa hapo. Chai ipo, na simu yako itie mfukoni.

Kijiji chetu unakijua, hapa chini ya Ilagala mto unapokaribia ziwa. Lakini hukijui jinsi kilivyokuwa. Zamani hizo masika yakikolea, mto ulifurika ukamwagikia mbugani nyuma ya nyumba zetu, ukapita kwenye ule mlango mwembamba, na majani yote yakawa chini ya maji. Samaki walikuwa wanaingoja siku hiyo. Kambale waliingia kwenye majani kutaga. Perege waliingia na watoto wao mdomoni, wakawatema kwenye maji ya vuguvugu yenye chakula kingi na mahali pengi pa kujificha. Mbuga ile ilikuwa nyumba ya uzazi, mwanangu. Kisha mvua ikikatika, mto ulianza kushuka polepole, na maji ya mbugani yakarudi mtoni kwa mlango ule ule, na watoto wa samaki wakayafuata, wengi, wembamba mithili ya sindano, wakaenda mtoni na wengine mpaka ziwani. Maji hayo ya kwanza kushuka wazee wetu waliyaita maji ya watoto. Hayakuvuliwa.

Pale mlangoni palichomekwa mti wa mninga wenye alama tatu za panga. Maji yakiwa juu ya alama ya tatu, ile ya chini kabisa, ilikuwa mwiko kuweka uzio, mtego wa mgono, wala kapu. Yakishapita ile ya tatu, watoto wamekwisha kuondoka, na hapo mlango ulifungwa kwa uzio wa matete, sisi wanawake tukaingia mbugani na makapu, tukavua wakubwa waliobaki kwenye dimbwi, kwa nyimbo na kelele na kupakana matope. Aliyeutunza mti ule alikuwa Mzee Sudi, kaka yake baba yangu. Kila asubuhi baada ya swala ya alfajiri alikwenda kuutazama, akarudi akatangaza, "Bado," au "Kesho." Alikuwa mtu wa maneno machache, hata salamu alikuwa akiijibu nusu. Sisi vijana tulimcheka. Tulisema Mzee Sudi amemwoa yule mti.

Sasa miaka ile ilikuwa ya wakimbizi. Ng'ambo kule Burundi watu walikuwa wanauawa, na mitumbwi ilivuka ziwa imejaa hadi ukingoni, ikagusa mchanga wetu asubuhi, mchana, wakati wowote. Walishuka watu waliovaa nguo moja. Waliokuwa Waha kati yetu waliwasikia wakisema lugha iliyo jirani na yao. Sisi wa asili ya Kongo tulikumbuka kwamba nasi babu zetu walishuka hivyo hivyo kwenye mitumbwi. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Kila nyumba ilipokea mtu. Nyumba yetu ilimpokea Anastazia.

Alikuwa na umri wa miaka thelathini na kitu, mrefu, mkavu, mwenye mikono isiyotulia. Alitoka kijiji cha ufukweni huko kwao, hivyo Kiswahili alikijua, na samaki aliwajua kuliko sisi. Alilala na mimi chumba kimoja. Alikuwa anasuka kamba kwa nyuzi za migomba, kamba ya nyuzi nne. Sisi tulisuka kwa nyuzi tatu, na kamba yetu ilikatika; yake haikukatika. Alitugawia wote, akasema ndiyo kodi yake ya nyumba, na mama yangu alikuwa akimkemea kwa kusema hivyo.

Nilimpenda, mwanangu. Nalisema wazi ili usije ukadhani nilimfanyia niliyomfanyia kwa chuki.

Siku moja tulipokuwa tunapara samaki aliniambia kwa nini hatoki ufukweni. Walipokimbia, alifika mtumbwini na mtoto mgongoni, na binti yake mkubwa, Godeliva, alikuwa nyuma na watu wengine. Risasi zikalia. Mwenye mtumbwi akasukuma. Anastazia akapiga kelele kwamba mwanawe bado, mwanawe yuko pale kwenye matete anakuja, na mwenye mtumbwi akasema akimngoja mmoja watakufa wote. Yule wa mgongoni alikufa kwa homa wiki mbili baada ya kufika kwetu, tukamzika hapa. Akabaki Godeliva.

"Nilimpigia kelele," akaniambia. "Nikamwambia, Goda, nitakungoja ziwani. Popote nitakapofika, nitakungoja ziwani."

Kwa hiyo kila mtumbwi ulipogusa mchanga, Anastazia aliacha alichokuwa akifanya akaenda kutazama wanaoshuka. Kisha alirudi akaendelea na kamba yake. Serikali ilikuwa imeanza kuwapeleka wakimbizi bara, kwenye makazi yaliyotengwa, mbali kabisa na ziwa. Lakini aliyekuwa na mwenyeji wa kumdhamini, na kijiji kikakubali, aliachwa akakaa. Kijiji chetu kilikuwa kimekubali kumdhamini Anastazia. Hilo neno lishike, maana habari yote imeegemea hapo.

Narudi kwenye harusi yangu. Nilikuwa nimeposwa na kijana wa Ujiji, watu wa mjini, wenye majamvi mazuri na maneno ya kuchagua. Kwetu ilikuwa desturi bi arusi apeleke kwa wakwe kapu la kambale waliokaushwa, aliowavua kwa mikono yake mwenyewe kwenye dimbwi la mbugani. Kapu likijaa, watu husema nyumba ile itashiba. Kapu likiwa nusu, mashangazi wa bwana arusi hutazamana. Wewe huwajui mashangazi wa Ujiji wa zamani zile. Mmoja wao aliweza kukuangalia tu ukahisi kanga yako imetoboka.

Na mwaka ule wavuvi wa dimbwi wangekuwa wengi, sisi na wageni wetu wote. Nikapiga hesabu zangu za kijinga. Nikaona nikingoja alama ya tatu, kambale wakubwa watakuwa wamekwisha kutoka na maji, na waliobaki tutawagombania wanawake hamsini. Harusi ilikuwa karibu. Nikaamua kufunga mlango mapema, siku mbili tu, nipate changu, kisha nifungue na asijue mtu.

Anastazia aliniona nikikata matete. Hakuuliza ya nini. Alitazama mto, akatazama matete, akasema:

"Oya, Zuhura." Kwao oya ni hapana. "Maji bado yana watoto."

"Siku mbili tu, dada."

"Maji hayajui siku zako mbili. Kule kwetu mto ukishuka taratibu, watoto wanapata njia. Siku nyingine unashuka mbio, umelala, umeamka, haupo. Ngoja."

Nikacheka. Nikamwambia yeye hana harusi. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, na mimi guu langu lilikuwa linakwenda kuvunjika nikiwa nacheka.

Ijumaa, saa ya swala, nikaenda. Maji yalikuwa yamegusa alama ya kwanza tu. Uzio wetu wa kawaida huachwa nafasi ya vidole viwili kati ya tete na tete. Mimi niliogopa kambale, maana kambale ni mjanja, hujipenyeza hata pasipo na nafasi, basi nikabana matete yakakaa bega kwa bega. Kamba zetu za nyuzi tatu hazikuweza kuyabana hivyo. Nikachukua bunda la kamba ya Anastazia alilokuwa amenipa, nikafunga nalo. Sikuwaza kabisa kuhusu kamba. Jumamosi nikaingia mbugani peke yangu, na kapu likajaa kwa nusu siku. Kambale wa mkono mzima, mwanangu, nilikuwa nawatoa nikiimba. Mama nikamwambia nimewapata kwenye vidimbwi vya nje, akawatundika juu ya moshi wakauke.

Nilikusudia kufungua Jumapili. Jumapili asubuhi mtumbwi ukaja kutoka Ujiji na ujumbe wa shangazi yangu wa kule: nipelekwe mapema, nianze kusingwa na kufundwa. Mama akanifunga kitambaa kichwani, nikapandishwa pamoja naye. Ningeweza kumwambia. Ningeweza kumnong'oneza hata Anastazia, aliyekuja ufukweni kuniaga: kafungue pale. Lakini mama alikuwa amesimama karibu, na Mzee Sudi naye. Nikasema moyoni nitarudi kesho kutwa.

Nilikaa Ujiji siku saba. Nilipakwa liwa, nikafukizwa udi, nikafundishwa kutembea kana kwamba miguu niliyokuja nayo ilikuwa ya kuazima. Huku nyuma mvua ilikatika ghafla, na mto ukafanya kama alivyosema Anastazia. Ulishuka mbio. Na ungeshuka mbio mlango ukiwa wazi, watoto wa samaki wangeshuka nao, maana samaki husikia maji yakivuta. Lakini walipofika mlangoni walikuta ukuta wa matete. Maji yakapita katikati ya matete, wao wakabaki.

Tulipokaribia nyumbani siku ya saba, harufu ilitupokea tukiwa bado majini. Mama akaziba pua kwa kanga, akauliza kuna nini. Mimi nilijua. Nilikwenda mbio hadi mlangoni, na mlango ulikuwa mkavu, tope limepasuka. Nyuma ya uzio wangu walikuwa wamelala watoto wa samaki, tabaka juu ya tabaka, weupe, kutoka mlangoni hadi kule majani yanakoanzia, na dimbwi lenyewe limebaki kama sinia, linachemka kwa waliokuwa bado wanatafuta pumzi. Korongo walikuwa wameshiba hata hawaruki. Nikaung'oa uzio kwa mikono, nikalia, nikachimba tope kwa kucha nikitaka kutengeneza njia, lakini mto ulikuwa kule chini na mbuga iko juu. Maji yaliyokwisha kuondoka hayaitiki ukiyaita.

Sikuwa wa kwanza kuuona uzio. Watu walikuwa wameuona tangu juzi yake, maji yamekwisha kuondoka, na kipande cha kamba walikuwa wamekichukua.

Jioni hiyo kijiji kizima kilikutana kwenye uwanja wa kuanikia samaki. Mwenyekiti wetu alikuwa mtu mzuri kwa siku za kawaida, lakini siku ile alikuwa na njaa ya mwaka mzima unaokuja mbele yake, na watu nyuma yake wananguruma. Aliinua kile kipande. Nyuzi nne.

"Kamba hii ni ya nani?"

Hakuna kijijini ambaye hakujua. Anastazia akasimama.

"Ni yangu. Nimeisuka mimi."

"Basi wewe ndiye uliyefunga mlango."

"Oya. Sikufunga."

"Nani aliyefunga? Ulimpa nani kamba?"

Alikuwa amewapa watu kumi na zaidi. Angeweza kusema hivyo. Angeweza kunyoosha kidole. Akageuza uso polepole akanitazama, mimi niliyekaa na wanawake, nina hina mikononi, nanukia udi katikati ya uvundo ule. Akanitazama kwa muda, mwanangu, muda wa kutosha mtu kusimama na kusema neno. Kisha akasema, "Nimeisuka mimi," akaketi.

Watu wakapiga kelele. Wakasema hawa wageni hawana desturi, wamekuja na njaa yao, wanakula mpaka mbegu. Watu wale wale waliogawana nao ugali! Mgeni siku ya kwanza alikuwa baraka. Siku ile akawa nzige. Mama yangu alisimama kumtetea, wakamzomea. Mwenyekiti akasema kijiji hakimdhamini tena mwanamke huyu, na lori likija Jumatano ataondoka na wengine.

Sikulala, na yeye hakulala. Kulipokucha alikuwa ameketi mkekani anafunga furushi lake la nguo.

"Kwa nini hukusema ni mimi?" nikamuuliza.

"Nani angemwamini mkimbizi juu ya binti wa mwenyeji wake? Wangesema namsingizia mtoto wa aliyenilisha." Akafunga fundo. "Ukisema wewe, watakuamini. Leo Jumapili. Lori ni Jumatano."

Hakuniomba zaidi ya hapo. Hakulia. Alinihesabia siku tu, akaniachia.

Jumapili nilisema nitasema kesho. Jumatatu wakafika mashangazi wawili kutoka Ujiji kupanga mambo ya harusi, nikasema siwezi mbele yao. Jumanne nilikwenda hadi mlangoni kwa mwenyekiti, mkewe akanikaribisha kwa vigelegele, "Karibu bi arusi!" nikamwambia nimekuja kusalimia. Jumatano lori likaja.

Anastazia alipanda wa mwisho. Kabla ya kupanda alikwenda ufukweni akatazama ziwa, upande na upande, akarudi. Alimuaga mama yangu kwa Kirundi, akamshukuru. Kwangu akasema, "Amahoro, Zuhura," yaani amani. Basi. Nilitaka anitukane. Lori likaondoka kwenda Kigoma mjini, wakapandishwe treni, wapelekwe huko mbali ambako mtu anaweza kuishi mwaka mzima asione maji ya kumfika magotini.

Vumbi lilipotulia Mzee Sudi akaniita. Nikamfuata hadi kwenye ule mti. Nikasema shikamoo, hakuitika.

"Ijumaa ile nilitoka msikitini nikapita hapa," akasema. "Nikaona nyayo. Nyayo za mguu mdogo, kidole cha mwisho kimepinda. Nimekubeba mgongoni tangu mtoto, Zuhura. Kidole chako nisikijue?"

"Baba Mkubwa, ulijua?"

"Niliuona na uzio. Nikasema ni binti yangu, ana harusi, atafungua mwenyewe kesho, nisimwaibishe. Ukaondoka kwenda Ujiji, na siku ile ile nikaugua, nikawa kitandani. Nilipopata nafuu mto ulikuwa umekwisha kuondoka. Tena pale uwanjani nikasema moyoni, atasimama mwenyewe. Nikakungoja."

"Ungesema wewe!"

"Ningesema," akajibu. "Ndiyo maana nimekuita hapa. Wewe umefunga mlango kwa tamaa, mimi nimenyamaza kwa mapenzi, na mama wa watu amekwenda. Mimi nautazama mti huu miaka thelathini kujua lini watoto wa samaki wapite. Mwanamke yule alikuwa anamngoja mtoto mmoja tu." Akauegemea ule mti, akalia. Sikuwahi kumwona mzee yule akilia kabla ya hapo, na baada ya hapo sikumwona tena.

Nikaolewa. Kapu lilisifiwa sana. Yule shangazi mwenye macho aliinua kambale mmoja kwa mkia akasema nyumba hii itashiba. Mimi sikuweza kula.

Masika yaliyofuata mto ulifurika vizuri, maji yakajaa mbugani hadi karibu na nyumba, lakini samaki walioingia walikuwa wa kuhesabu. Kizazi cha mwaka mmoja hakikuwepo. Tulikula mihogo na mboga, na watoto wakapauka ngozi. Mimi nilikuwa nimerudi kwa mama kujifungua mimba yangu ya kwanza, kama ilivyo desturi. Nilikuwa nje naanika nguo za mtoto kwenye kamba, mtoto ana siku ishirini, pale mtumbwi ulipogusa mchanga.

Alishuka msichana wa miaka kumi na minne hivi, mrefu, mkavu. Alikuwa anapita nyumba hadi nyumba. Alipofika kwetu alisema shikamoo kwa adabu, kisha hakuniangalia tena. Aliangalia kamba. Akanyoosha mkono akaishika, akaipitisha vidoleni taratibu, mpaka mwisho wake.

"Mama yangu husuka hivi," akasema. "Nyuzi nne. Anaitwa Anastazia. Yuko ndani?"

Mwanangu, nimezaa watoto saba na nimezika wawili na mume. Uchungu wa saa ile haujapata mwenzake. Nilimkalisha, nikampa maji. Nikamwambia mama yake ni mzima, alikaa hapa, alilala chumba kile. Nikamwambia alipelekwa bara kwa lori, miezi iliyopita.

"Lakini alisema ataningoja ziwani."

"Alikungoja. Hakutaka kwenda. Sisi ndio tuliomwondoa."

"Sisi nani?"

Mtoto wangu alikuwa analia ndani na sikumsikia. "Mimi," nikasema.

Nikamweleza yote, uzio, kamba, uwanja, zile siku nne. Godeliva alisikiliza ameinamisha kichwa. Nilipomaliza aliuliza swali moja tu: yule mdogo, wa mgongoni, yuko na mama? Nikampeleka kaburini.

Siku ile ile, kwa kuchelewa kote, nilisimama uwanjani nikasema mbele ya watu kwamba nilikuwa mimi. Wengine walinung'unika, wengine wakasema ya nini kufukua, yamekwisha pita. Kwa aliyekosewa hayakuwa yamepita. Mwenyekiti aliandika barua, mume wangu, aliyekuja kumwona mtoto, akampeleka Godeliva mpaka Kigoma mjini, wakaambiwa makazi ni mengi na watu ni maelfu, ila atapelekwa na kundi lijalo, atafute hukohuko. Nilikata ile kamba ya nguo vipande viwili. Kimoja nikamfunga kiunoni, nikamwambia, ukifika waonyeshe watu, uliza nani anasuka hivi. Kingine ninacho. Kipo kwenye sanduku, kitoe ukitaka ukione.

Kama walionana, sijui. Nimeuliza kwa kila mtu aliyetoka huko, miaka yote. Wakaja wakimbizi wengine baadaye, wa Kongo, na wa Burundi tena, nikawauliza na wao. Mmoja aliniambia amewahi kumwona mwanamke mrefu anayesuka kamba karibu na stesheni moja. Mwingine aliniambia la. Mwaka wa tatu samaki walirudi mbugani. Mzee Sudi alipokaribia kufa, mimi na mume wangu tumekwisha kuhamia hapa, aliniachia mti, watu wakashangaa mwanamke kuachiwa, na hakuna aliyethubutu kumuuliza mzee sababu. Tangu hapo kila alfajiri nakwenda kuutazama. Wewe ulidhani bibi anakwenda kunyoosha miguu.

Sasa sikiliza nasaha zangu, maana chai imepoa. Mpunga wako naujua, na njaa ya nyumba yako naijua, sikukatazi kulima. Mto unapopanda unawapa samaki nyumba, na unaposhuka unawapa njia, na vyote viwili wanavihitaji, kupanda kwake na kushuka kwake. Ukiyazuia maji yasiingie, hawana pa kuzaa. Ukiufunga mlango kabla ya wakati, wamezaa bure. Kwa hiyo usiweke saruji pale. Weka ubao wa kupandisha na kushusha, nami nitakufundisha kuusoma mti, na usishushe ubao mpaka maji yapite alama ya tatu, hata kama mpunga wako unapiga kelele. Ukikosea, na utakosea, kwa kuwa wewe ni mtu, basi kimbia ukaseme siku hiyo hiyo. Usiseme kesho. Mimi nilikuwa na kesho tatu. Usimwache mgeni asiye na wa kumsemea abebe mzigo ulioufunga wewe, na ukiona mpendwa wako anakosa, usimngoje kama Mzee Sudi alivyoningoja. Mshike mkono mwende pamoja.

Na mtumbwi wa wageni ukigusa mchanga wetu, nenda ukatazame wanaoshuka. Mimi macho yamepungua. Godeliva atakuwa mtu mzima sasa, ana wajukuu pengine, lakini nadhani nikiitazama mikono yake nitamjua.

Mungu akupe mkono mwepesi wa kufungua, mwanangu, na mdomo mwepesi wa kukiri. Akujalie mvua kwa kiasi na mto wenye subira. Watoto wako wote wapate njia ya kurudi nyumbani, na wakifika, wakukute ungali unawangoja ziwani. Amina. Haya, nipe mkono niinuke, twende ukauone mti.